Wajukuu Wakija Shamba Wakati wa Vuli

Mjukuu wangu anayeishi Uingereza alinipigia simu ya video mwezi wa Oktoba kunionyesha majani. Yalikuwa mekundu na ya manjano, yamejaa njia nzima nje ya skuli yao. Wameyaokota, wameyakausha ndani ya vitabu, wameyabandika kwenye karatasi. Mama yake alikwisha mwambia kwamba msimu ule kwa Kiswahili ni vuli, basi naye akaniuliza: "Bibi, kwenu vuli mnafanya nini?"

Nilicheka, kwani vuli yangu mimi ni mvua. Nikageuza simu nikamwonyesha jamvi la karafuu uani na wingu jeusi juu yake. Halafu nikamwonyesha mkungu mbele ya nyumba, mti wetu mmoja unaojua kugeuza majani yake mekundu kabla ya kuyapukutisha. Nikamwambia, haya, njoo uokote huku.

Hakuweza kuja yeye. Walikuja wenziwe wa Unguja mjini, watatu, likizo ya Disemba, kila mmoja kashuka botini na chaja mkononi. Siku ya kwanza niliwatandikia mkeka, nikawapikia maandazi, nikawaambia wapumzike. Ilipofika alasiri walikuwa wanagombana mpaka jirani akauliza kuna nini. Kosa lilikuwa langu: niliwafanya wageni. Mtoto wa miaka minane hakuja kupumzika, atapumzika nini? Siku ya pili niliwapa kazi, na tangu hapo ugomvi uliobaki ulikuwa mmoja tu, nani akae kwenye mbuzi ya kukunia nazi.

Haya ninayoyaandika ni kwa bibi na babu wenzangu wa Pemba na Unguja ambao nyumba zao hujaa watoto mwisho wa mwaka. Mimi nafuata mambo mawili. Kazi iwe ya kweli, yaani ingefanywa hata kama mtoto asingekuja. Na katika kazi hiyo mtoto awe na fungu lake mwenyewe, lisilochanganywa na la mtu mwingine mpaka mwisho. Hilo la pili ndilo linalosahauliwa.

Kabla hawajafika

Zungumza na wazazi. Nani ana pumu, nani akila kitu fulani huvimba, nani bado anakojoa kitandani (hilo ulizia kwa siri, usimwaibishe mtoto). Vuli ni mvua, na mvua ni mbu, kwa hiyo hesabu vyandarua kabla hujahesabu mito. Ukiweza, panga na mwalimu wa chuo cha Kurani kwenu wawe wanakwenda kusoma pamoja na watoto wa mtaa. Huko ndiko watakakopata marafiki, nawe utapata saa mbili za kunyoosha mgongo.

Halafu tazama mwezi. Utaona chini kwa nini.

Karafuu: chambuo na jamvi

Kwa sisi wa Pemba hakuna kazi inayomfaa mtoto kuliko hii. Mavuno huanza katikati ya mwaka na mwaka ukiwa mzuri huvuka mpaka Januari, kwa hiyo likizo ya Disemba mara nyingi huwakuta watu bado wako juu ya miti. Nasema mwaka ukiwa mzuri kwa sababu mkarafuu una maringo. Huu unajaza, unaofuata unakunyima.

Nitangulize onyo kabla ya maelezo. Mtoto hapandi mkarafuu. Matawi yake huvunjika bila kutoa hata mlio wa kukutahadharisha, na kila kijiji kina mtu mzima aliyeanguka. Ataokota chini, atachambua, ataanika, basi. Wala kazi hii isichukue nafasi ya skuli. Tunazungumzia likizo, tena saa moja au mbili kwa siku, na akichoka ainuke.

Jioni vikapu vikishaingia, tandika jamvi ukumbini na mkae duara. Mpe kila mtoto fungu la vishada, na umwonyeshe hivi: shika kishada kwa mkono mmoja, kiegemeze kwenye kiganja cha mkono wa pili, kisha sukuma na kuzungusha kidogo. Karafuu zinaanguka, makonyo yanabaki mkononi. Mara ya kwanza atazichomoa moja moja kama anayechagua mchele. Mwache. Mkono hujifunza wenyewe, na usiku wa pili atakuwa anakushinda wewe mwenye vidole vya baridi yabisi.

Makonyo yasitupwe. Weka pakacha lake pembeni, kwani nayo yana soko, hukamuliwa mafuta. Kiwanda kiko Wawi, karibu na Chake Chake, na ukipita njia ile upepo ukiwa upande wako, hata mtoto aliyelala garini huamka akauliza kunanukia nini.

Asubuhi ni kuanika. Hapa ndipo fungu la mtoto linapoanza kuwa na maana, na mpango wangu huwa hivi:

1. Mpe kila mmoja kibaba kimoja cha karafuu mbichi alizozichambua mwenyewe. Zipimwe kwenye mizani ya jikoni na uzito auandike daftarini pamoja na tarehe.

2. Azitandaze kwenye kipande chake cha jamvi, nyembamba, zisipandane. Jamvi lisiwekwe juu ya lami wala kwenye vumbi la njia. Karafuu hunywa kila harufu inayopita.

3. Azigeuze kwa mkono mara kadhaa kwa siku. Wangu mmoja alitengeneza reki kwa matawi ya mpera, ikawa karafuu zote zinamngoja yeye.

4. Wingu likikusanyika, anue haraka. Karafuu iliyonyeshewa huvunda na kufifia rangi, na bei yake hushuka. Vuli haipigi hodi, kwa hiyo mteue mtoto mmoja kila siku awe mlinzi wa wingu. Cheo hiki wanakigombania kuliko vyote.

5. Jua likiwaka vizuri, siku ya nne au ya tano jaribuni kuivunja moja. Ikikatika kwa sauti, imekauka. Ikipinda, bado.

6. Ipimwe tena. Kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja kavu, na mtoto akiliona hilo katika daftari lake atauliza zile mbili nyingine zimekwenda wapi. Usimjibu upesi. Mwambie aweke uso juu ya jamvi saa saba mchana.

Siku ya kupeleka karafuu kituoni kwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, nenda nao. Waone mizani, waone karafuu zinavyokaguliwa kwa mkono na kwa pua, na kila mtoto apate thamani ya fungu lake, hata kama ni ya kununulia ubuyu tu. Mimi pesa hiyo siiwekei mashauri. Kaipata kwa vidole vyake.

Mkiwa mmekaa kwenye chambuo, ndio wakati wa kuwaambia kwa nini karafuu ni za Pemba zaidi kuliko Unguja. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu kwa mashamba mazima, na Pemba ikanusurika zaidi, na tangu hapo uzito wa zao ukahamia huku. Watoto wa mjini huwa hawaamini kwamba upepo mmoja unaweza kuamua babu yao azaliwe wapi. Na kama shamba lenu ni katika zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, waonyesheni mpaka wenyewe, mti kwa mti. Ramani ya shamba isiyo kichwani mwa mjukuu huja kuwa kesi mahakamani.

Walio Unguja na hawana karafuu wasijione wamepungukiwa. Mpango huohuo wa kibaba, mizani na daftari unafaa kwa pilipili hoho, kwa muhogo wa kuanika, hata kwa dagaa.

Pwani, kwa hesabu ya mwezi

Nimesema utazame mwezi. Bamvua huja mara mbili, mwezi unapoandama na unapofika mpevu, na siku hizo maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, bahari haijai wala haikauki vya kutosha. Kwa pwani zetu, siku za bamvua maji hukauka kabisa asubuhi, kama saa nne hivi, baada ya chai na kabla ya jua kali, utadhani yamepangwa kwa ajili ya watoto. Ukiwapeleka siku ya maji mafu mtakaa mnaangalia bahari nayo inawaangalia.

Wafundishe hesabu hii kwa vitendo. Siku ya kwanza mtoto achomeke kijiti pale maji yalipoishia na aandike saa. Kesho yake arudi saa ileile, akute bado maji hayajafika pale. Kila siku maji huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Siku ya tatu mwulize yeye twende saa ngapi. Akipatia, mwachie kazi ya kupanga safari za wiki nzima, na akikosea mngoje pamoja bila kulaumu.

Kwenye maji makavu kuna mengi ya kuona kuliko ya kuchukua: kaa, kiti cha pweza (nyota wa baharini huitwa hivyo kwa baadhi yetu), chaza waliojibana mawe, na mashamba ya mwani yenye vijiti na kamba. Mashamba hayo ni mali za watu. Wapite pembeni, wasivute kamba, na wawaamkie kinamama waliomo. Kuna mama mmoja wa mwani kwetu, ukimwamkia vizuri atakupa darasa la asubuhi nzima.

Masharti ya pwani ni machache na hayajadiliwi. Viatu mguuni, kwa sababu ya wale wenye miiba mirefu myeusi na samaki anayefanana na jiwe. Mtoto asiokote konokono wa umbo la pia, mwenye michoro mizuri kama khanga. Huyo huchoma kwa sumu, na wako katika jamii yake wanaoua mtu. Na maji yakianza kurudi, nasi tunarudi, hata kama pweza kaonekana.

Siku ambazo bahari haifai, jengeni chombo. Karara la mnazi umbo lake ni dau tayari, halihitaji seremala. Babu achonge kijiti kiwe mlingoti, chengine kiwe foromali, na tanga litoke kwenye khanga chakavu au mfuko wa unga. Usitafute mfuko wa plastiki, kwanza ulishapigwa marufuku Zanzibar, pili haushoneki. Kifungeni miti miwili pembeni kama mirengu ya ngalawa ili kisipinduke. Kisha kipelekwe kwenye maji ya kidimbwi.

Hapo mtoto atauliza chombo chake kinakwenda upande gani, na Disemba ndio mwezi wa kumfundisha pepo. Kusi imekwisha, kaskazi inaanza kushika, na katikati yake kuna zile siku za tanga mbili ambapo upepo haujaamua. Asubuhi unakupeleka, alasiri unakurudisha. Mwambie majahazi ya kutoka Arabuni na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi na kuondoka kwa kusi, na kwamba nusu ya ukoo wake pengine uliletwa na upepo anaoshindana nao sasa kwenye kidimbwi.

Mbuzi, tui na embe

Jikoni hakuna ubaguzi, wavulana wanaingia. Alienifundisha kukuna nazi ni babu yangu mzaa mama, aliyekuwa mpishi melini.

Mtoto wa miaka saba kuendelea anaweza kukaa kwenye mbuzi akisimamiwa. Ashike kifuu kwa mikono miwili, aanzie pembezoni, azungushe, na akiona weusi ageuze. Weusi ukiingia, tui linakuwa na rangi ya maji ya mvua. Wadogo zaidi wape kukamua. Mimina maji vuguvugu kidogo juu ya nazi, waifinye kwa vidole, kisha kwenye kifumbu (au chujio, kama kifumbu kimekwisha kuliwa na panya kama changu). La kwanza ni kasimile, liwekwe kando. Ongeza maji, kamua tena, upate tui jepesi. Chicha wapewe kuku, na kazi ya kuwapelekea ni ya mdogo kuliko wote.

Pikeni muhogo wa nazi, maana hausumbui: muhogo uchemke na tui jepesi, chumvi, kitunguu na pilipili nzima isiyopasuliwa, na kasimile liingie mwishoni, huku mtoto akikoroga taratibu kwa upande mmoja mpaka lichemke bila kukatika. Mwambie atazame. Tui likikatika ataliona, na hatalisahau.

Embe ndio utajiri wa msimu. Boribo, dodo, sindano, muyuni, kila mtu ana lake. Fumbeni macho mjaribu kuzitambua kwa kunusa na kuonja. Babu yao ndiye aliyeshindwa vibaya zaidi kwetu, baada ya kujisifu kutwa. Zilizopukutishwa na upepo zikiwa bado mbichi msizitupe, ni za achari:

Embe mbichi kumi, zikatwe vipande na maganda yake, zitiwe chumvi vijiko vitatu vikubwa na kuachwa usiku kucha. Zianikwe siku mbili (mlinzi wa wingu yupo). Mkubwa achemshe siki kikombe kimoja na sukari kidogo, atie kitunguu thomu na tangawizi iliyotwangwa, manjano, haradali na pilipili. Hapo watoto wasimame mbali, mvuke wa siki na pilipili unachoma macho. Ikipoa, changanyeni na embe, jazeni chupa kavu kabisa. Tone moja la maji ndani ya chupa huleta ukungu. Juu ya kifuniko kila mtoto aandike jina lake na tarehe.

Mvua ikishika: bao

Mvua ya vuli hunyesha kwa vishindo halafu ikaacha, lakini ziko siku inakaa. Hapo mtoe bao. Kama hamna la mbao, chimbeni mashimo kwenye mchanga chini ya ukuta wa baraza, na kete ziwe komwe au vijiwe.

Babu wengi hukosea hapa: humwanzishia mtoto bao kubwa, la kuweka kete sita nyumbani, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake na ishirini na mbili mkononi. Huo ni mchezo wa watu wazima, tena wenye kelele. Mtoto aanze na bao la kujifunza:

1. Mashimo ni 32, safu nne za nane nane. Safu mbili zako, mbili zake. Kila shimo litiwe kete mbili, jumla 64. Mwache azihesabu yeye.

2. Ukicheza, chota kete zote za shimo moja lenye mbili au zaidi, uzisambaze moja moja upande wako tu, ukizunguka safu zako mbili.

3. Kete ya mwisho ikianguka shimo la safu ya mbele lililokuwa na kete, na shimo la mwenzio linalotazamana nalo lina kete, umekula. Zile za mwenzio unazisambaza upande wako, kuanzia kichwani, yaani shimo la ncha ya safu ya mbele.

4. Kama hukula, lakini kete ya mwisho imekuta shimo lenye kete, chota zote uendelee. Ikianguka shimo tupu, umelala, zamu ni ya mwenzio.

5. Safu ya mbele ya mwenzio ikimalizika, au hana shimo lenye kete mbili la kuchezea, kashindwa.

Usimwachie ashinde kwa makusudi. Watoto wanajua. Badala yake mpe kete chache za ziada mwanzoni na zipunguzwe kila anaposhinda, na siku atakayokufunga bila ziada, piga simu kwa wazazi wake mbele yake. Mama wa huyu wangu alidhani tuna msiba.

Mvua ikiacha na ardhi bado laini, tokeni mkapande. Kata mti wa muhogo vipande vya shibiri moja, kila mtoto akomee vyake kwenye tuta lake, macho ya mti yakitazama juu. Kunde ni nzuri kwa wenye haraka, huchomoza siku chache tu. Muhogo utakuwa haujawa kitu watakapoondoka, lakini ni wao, na mwakani wataukuta.

Safari moja ya mbali

Kama mko Pemba, ichagueni Kidike, si mbali na Chake Chake. Pale wamelala popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana kwengine kokote duniani, wananing'inia mchana kutwa mitini kama miavuli iliyokunjwa. Wakikunjua mabawa hukaribia urefu wa mtu mzima. Walikuwa wanawindwa na kuliwa mpaka wakakaribia kwisha, halafu wanakijiji wenyewe wakaamua kuwalinda, na sasa wamejaa tena. Nendeni alasiri, muwakute wanaanza kuchangamka. Kuondoka kwao ni karibu na maghribi, kwa hiyo mkitaka kuwaona wakiruka, panga mapema mtasali wapi na gari la kurudia. Wadogo wabebe darubini ya mtu kama ipo. Na watoto wafahamu kwamba zile embe zilizotobolewa mtini nyumbani, huyu ndiye mwenyewe.

Usiku

Umeme ukikatika msiukimbilie upesi mwanga wa simu. Kaeni gizani kidogo. Sema "Paukwa!" na usiendelee mpaka wote wajibu "Pakawa!", na kama wamejibu kwa uvivu, rudia. Usihofu kama hadithi umezisahau. Nami nilidhani nimezisahau. Nilianza na ya sungura na fisi nikaikuta imo yote, mpaka nyimbo zake. Ukikwama katikati mwulize mtoto, fisi akafanyaje? Atakutoa.

Vitendawili viwe vya kupokezana. Anza na vyepesi: "Nyumba yangu haina mlango", au "Kila niendapo ananifuata". Aliyeshindwa atoe mji, na mji uwe mahali anapopapenda kweli. Mjukuu wangu mmoja alinipa Dubai. Nilipokuwa napatembelea mpaka akacheka, ndipo nikampa jibu la yai. Kisha sheria yetu: kila mtoto atunge kimoja chake mwenyewe kutokana na alichokiona siku ile. "Ana kichwa na kikonyo, ukimvunja analia, akilia ndio mzima." Aliyekitunga alikuwa na miaka tisa. Karafuu kavu.

Ile simu nayo isikae bure. Mkubwa wao mfanye karani: kila usiku arikodi kisa kimoja cha babu au bibi, dakika tano, na kabla ya kuanza ataje jina la msimulizi, mahali na tarehe. Wapange maswali mchana. Nani alipanda mkungu ule? Bibi ulipokuwa na umri wangu ulikuwa unaogopa nini? Nasaba iandikwe kwenye karatasi kubwa, kuanzia mtoto kupanda juu, na pale usipomjua mtu pawachwe wazi wamwulize mjomba. Wangu walifika vizazi saba, na pengo moja tu upande wa baba, ambalo mpaka leo wanalisumbukia kwa simu kuliko masomo yao.

Siku ya kuondoka

Wasiondoke mikono mitupu wala wasibebeshwe gunia. Kila mmoja kibahasha cha karafuu za fungu lake, daftari lake, na dau la karara kama litapita mlangoni mwa boti. Wa Uingereza nilimtumia jani la mkungu jekundu ndani ya barua, alibandike karibu na yale yake.

Achari ibaki kwako. Haiwi tayari kabla ya wiki mbili, na ikisafiri mapema humwagika begini juu ya nguo za skuli. Ipange dirishani jua liione, majina yakitazama mbele. Watakupigia simu kila siku kuuliza kama umefungua. Mimi ya mdogo wao nilifungua siku ya kumi, nikaonja, nikafunga tena, na aliponiuliza nikamwambia kweli.

"Sasa Bibi, umekula ngapi?"

"Vipande viwili."

"Andika kwenye kifuniko."

Niliandika.